Umepita kwa Mwenyewe?

Padre alifika kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi, na kabla ya Misa aliketi kwenye kiti cha mianzi nyuma ya kanisa kusikiliza maungamo. Sisi tulipanga foleni kando ya ukuta. Lakini kabla hujamfikia Padre ulipaswa kumpita Katekista. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe ya pama, mikono nyuma, akitembea taratibu kutoka mwanzo wa foleni hadi mwisho. Akikufikia, alikuinamia sikioni na kuuliza swali moja tu.

"Umepita kwa mwenyewe?"

Dhambi yenyewe hakutaka kuijua. Hapo alikuwa muungwana kuliko majirani wote niliopata kuwa nao. Alichotaka kujua ni kama, kabla ya kuja kumwambia Mungu, ulikwenda kwanza kwa yule uliyemkosea. Ukisema ndiyo, alikupita. Ukisema bado, alikuonyesha barabara kwa kidevu, nawe ukatoka kwenye foleni watu wote wakikutazama. Nilimwona mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima na kitambi chake, akitoka kwenye foleni akapanda baiskeli, akarudi baada ya nusu saa shati limelowa mgongoni. Alisimama mwisho kabisa, nyuma yetu watoto. Katekista alimwendea, akauliza upya, akajibiwa, akampita bila kutabasamu.

Nilimfahamu Katekista tangu naanza mafundisho ya Komunyo ya kwanza hadi nilipokuwa mwanachuo wa ualimu. Alikozaliwa na ukoo wake nawaachia ndugu zake, maana wao wanapenda kuyasimulia. Mimi nataka kusimulia swali lake, kwa sababu kwa miaka saba alituuliza sisi swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake. Nilipolijua hilo nilimchukia siku nzima, kisha nikamheshimu kuliko zamani, na mpaka leo sijui lipi kati ya hayo mawili lilikuwa sahihi zaidi.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti kubwa isiyolingana na kifua chake. Alivaa kandambili na soksi. Tulimcheka sana kwa soksi zile, naye alijua, na kila Jumapili alizivuta juu kidogo mbele yetu makusudi. Alipenda kichwa cha kambale kuliko nyama yoyote, na mama zetu walijua kwamba Katekista akikaribishwa chakula mkia wa samaki ni tusi. Alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa baiskeli. Ungemwomba jembe, angekupa. Ungemwomba mpunga wa mbegu, angekupimia na kukuongezea. Ukimwomba baiskeli alianza kuikagua mnyororo, kisha pampu, kisha taa, mpaka unakata tamaa na kwenda kwa miguu.

Na kwaya! Pale aligeuka mtu mwingine. Aliongoza kwa unyasi mkavu wa tete, na besi wakizubaa aliwatupia macho makali. "Nyie besi mmekunywa uji wa nini leo? Mnaimba kama mnaomba ruhusa." Baada ya kuwakaripia hivyo aliwafuata nje mmoja mmoja kuomba radhi, akiwa bado amekunja uso. Mtu akiomba msamaha huku amenuna ni kichekesho, na besi walijifunza kukosea makusudi ili wamwone akija. Alijua hilo pia. Alikuja hata hivyo.

Kitu kimoja tulikiona wote na hakuna aliyekifikiria. Katekista hakushika kiberiti. Mishumaa ya altare aliwaagiza watumikiaji waiwashe. Hakuvuta sigara. Na shambani, wakati kiangazi kikikolea na bonde zima la Kilombero likitoa moshi kila upande kwa watu kuchoma majani ya mashamba yao, yeye alifyeka kwa mkono, akakusanya majani kwenye lundo, akayaacha yaoze. Ilimchukua wiki tatu kazi ya siku moja. Watu walipita wakimtania: "Katekista, Mungu amekukataza moto? Subiri basi ufike ahera!" Alicheka pamoja nao, akaendelea kufyeka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu refu la moto, kutoka kiwiko hadi karibu na saa, na kovu hilo kwetu lilikuwa heshima. Nitaeleza kwa nini.

Alitufundisha toba kwa miguu. Siku moja aliniita mbele ya darasa, akanipa ndoo, akaniambia niende kisimani. Nilipoanza kwenda, akanigeuza kwa mabega kuelekea sokoni, akaniambia nisonge mbele. Nilipofika kwenye mchungwa wa mwalimu akapiga kelele.

"Simama! Umekosea njia. Unajuta?"

"Najuta, Katekista."

"Sana?"

"Sana."

"Basi lia tuone."

Nikajifanya nalia, nikajifuta macho kwa gauni. Darasa likavunjika mbavu. Akawageukia wenzangu.

"Amelia kweli kweli. Je, sasa yuko karibu zaidi na kisima?"

"Hapanaaa!"

"Afanyeje?"

"Ageuke!"

"Haya, geuka. Na ujue njia utakayorudi ni ile ile uliyokwenda nayo. Kila hatua uliyopiga vibaya utaikanyaga tena." Kisha akaniacha nirudi hatua moja moja, darasa likihesabu, nami nikijisikia mtu muhimu sana.

Kwenye maungamo yangu ya kwanza, nikiwa darasa la saba, swali lake lilinikamata sawasawa. Nilikuwa nimemwita bibi yangu mchawi. Nikatolewa kwenye foleni. Nikaenda nyumbani mbio, nikamkuta bibi anapepeta mpunga, nikapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Nilikuita mchawi."

"Lini?"

"Jumanne."

"Mbona sikusikia?"

"Nilisemea nyuma ya choo."

Bibi akaweka ungo chini, akanitafuta na mwiko. Nilirudi kanisani na alama mbili mguuni. Katekista aliponiuliza mara ya pili nikamwambia nimepita kwa mwenyewe, na mwenyewe amenipiga. Alijikaza asicheke, mabega yakamsaliti. Kuanzia siku ile bibi aliniita "mjukuu wa mchawi", tena mbele za watu, na tukawa marafiki kwa namna ambayo hatukuwa kabla. Bila swali lile angekaa bila kujua, ningekaa na siri yangu, na tungesalimiana tu asubuhi na jioni.

Padre hakulipenda swali lile. Siku moja, nikiwa nafagia kanisa pamoja na wenzangu, tuliwasikia wakibishana mlangoni.

"Katekista, wewe si mlinzi wa huruma ya Mungu," Padre alisema. "Watu wanakuja na majuto yao, wewe unawarudisha. Mwana mpotevu alikumbatiwa akiwa bado njiani, ananuka nguruwe."

"Ni kweli, Padre. Lakini alikuwa ameshageuka. Njia aliyokuwamo ilikuwa ya kwenda nyumbani."

Padre akacheka, kisha akawa makini tena. "Na kama yule aliyekosewa amekufa?"

"Aende kwa watoto wake."

"Na kama yuko hai, ila hataki kumwona?"

Katekista alivua kofia, akaizungusha mkononi muda mrefu. Tuliacha kufagia.

"Hapo sijui, Padre," alisema. "Hapo naogopa."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipogundua jambo la pili. Nilipenda kwenda Komunyo wa mwisho, kwa sababu za kisichana, nilitaka kila mtu aone gauni langu. Basi nikiwa nasubiri, niliona kila mtu anakwenda, hata kwaya wanateremka safu kwa safu, lakini Katekista anabaki amesimama na unyasi wake, anaongoza waliobaki, kisha waliorudi. Mwezi uliofuata nikaangalia tena, na uliofuata. Hakwenda hata mara moja. Aliyekuwa anatuandaa sote kwa meza ile hakuikaribia yeye, na kwa kuwa alikuwa mbele yetu akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote, hakuna aliyemwona.

Nilikuwa na mdomo, nikamfuata baada ya Misa.

"Shikamoo Katekista. Mbona wewe hupokei?"

"Marahaba. Mimi nashika wimbo."

"Si aushike mwingine siku moja?"

"Wimbo ukiachwa katikati watu hupoteana," alisema, akavuta soksi zake, akaondoka. Nilidhani ni unyenyekevu. Nyumbani nilimsimulia mama, naye akasema yule ni mtakatifu, hajui tu mwenyewe.

Mama alikuwa na sababu. Kwetu sisi Katekista alikuwa zaidi ya katekista, na hapa lazima nieleze ule moto.

Watu wa kwetu hawachomi shamba hivi hivi. Kabla hujawasha, unapita kwa kila jirani unayepakana naye, wewe mwenyewe kwa miguu yako, si kutuma mtoto. Unamwambia uso kwa uso, "Kesho nachoma." Naye anajibu, "Nimesikia." Kesho yake anakuja na tawi bichi kusimama mpakani upande wake. Jirani asipokuwepo, unangoja. Hata ungoje wiki. Hilo tuliliita kupita kwa mwenyewe, na moto uliowashwa bila hilo ulihesabiwa kama kosa hata usipounguza kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la sita, mama alilazwa Ifakara wakati wa mavuno. Baba alikuwa hospitalini naye, na mpunga wetu, uliokwisha kukatwa, ulibaki kwenye lundo shambani ukisubiri kupurwa. Jirani zetu wote walikuwa wameshabeba wa kwao. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kulisha kuku. Asubuhi ile niliona mrina asali akipita njia ya shambani kuelekea msituni, amebeba mwenge wake wa nyasi unaotoa moshi, kama alivyopita kila mara. Alikuwa mtu mkimya, kijana bado, asiye na ndugu pale kwetu, na aliwahi kunipa sega la asali bila kuniambia neno. Mchana moto ulitoka upande wa mashamba. Lundo letu liliungua lote. Nusu ya shamba la Katekista, lililopakana na letu, iliungua pia, na watu waliofika kwanza walimkuta Katekista peke yake anapigana na moto kwa tawi, shati linawaka mkononi.

Kikao kilifanyika darasani. Mwenyekiti aliketi kwenye meza ya mwalimu, na Katekista aliketi kando yake na daftari, mkono umefungwa kitambaa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri na muhtasari wote wa kitongoji aliuandika yeye. Mwenyekiti aliniita.

"Binti, siku ile ulimwona nani akienda mashambani?"

"Mrina asali."

"Alikuwa na nini?"

"Alikuwa na moto."

Watu waliguna kwa pamoja. Mrina asali aliulizwa, akasema mwenge wake haukugusa nyasi. Hakusema lingine. Kabla ya saa sita ilikuwa imeamuliwa aondoke kitongojini na mizinga yake ishushwe. Baba yangu ndiye aliyekwenda na shoka. Aliipasua mizinga saba, nyuki wakamuuma hadi uso ukavimba, na hakujali. Mrina asali alihamia kijiji cha Mofu, tukasikia amekuwa mvuvi. Katekista yeye alishukuriwa hadharani kwa kupambana na moto. Kovu lake likawa heshima.

Mwaka ule tulikula mpunga wa Katekista. Alituletea magunia kwa baiskeli yake, ile baiskeli asiyomwazima mtu. Msimu uliofuata alilima shamba letu kabla ya lake. Alipofika kwetu mama alitafuta kambale popote alipo. Mimi nilikua nikijua kwamba kuna mtu mbaya aliyetuchomea na mtu mwema aliyetulisha, na nilishukuru kwamba Mungu alinijalia kuwaona wote wawili kwa macho yangu.

Sasa nifike kwenye siku ile. Ilikuwa baada ya mvua kubwa za elinino, barabara zimechimbika, nami nipo nyumbani likizo kutoka chuoni. Katekista alikuwa ameanza kukohoa, amepungua, kola ya shati imekuwa kubwa shingoni. Alikuja asubuhi akiikokota baiskeli, akamwamkia baba, akaomba nimsindikize Mofu. Alisema kuna mtu anataka kumwona na pumzi hazimtoshi peke yake. Baba akaniruhusu. Tulipotoka uani Katekista akanikabidhi usukani.

"Endesha wewe," alisema, akakaa nyuma kwenye keria. Ningepaswa kujua hapo hapo kwamba jambo si la kawaida.

Palipokuwa na matope tulishuka na kusukuma. Katikati ya safari tuliketi kwenye gogo kando ya majaruba ili apumzike, na hapo ndipo aliponiambia. Aliniambia bila kuzunguka. Padre alikuwa anakuja Jumapili ile, na yeye alitaka kumaliza kazi ya shamba Jumamosi. Alijua baba na mama wapo Ifakara. Alisema moyoni kwamba mpaka ni mpana, upepo umelala, na kwetu hakuna wa kumwambia. Aliwasha peke yake. Upepo ukageuka.

Nililitazama kovu lake. Nililiheshimu miaka saba.

"Na kikaoni?" niliuliza. Sauti yangu haikuwa ya kuongea na mkubwa.

"Nilingoja mtu aniulize. Walikuja wakanishukuru. Nikasema nitasema jioni. Jioni nikasema nitasema kesho. Kikaoni nilikuwa na kalamu mkononi, mwenyekiti akasema andika, nikaandika."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfukuza yule mtu."

"Hapana. Wewe ulisema ulichokiona. Mimi niliandika nisichokiona."

Nilisimama nikaenda mbali naye, mpaka kwenye ukingo wa maji. Nilitaka kupanda baiskeli yake nimwache palepale na kikohozi chake. Nasema kweli, nilitaka. Nilikumbuka mpunga wake tuliokula, mama akimtafutia kambale, na nikaona kwamba mtu huyu alikuwa amelipa mno, tena kila siku, lakini alikuwa analipa kwa watu waliompenda. Kwetu ilikuwa rahisi kuja. Njia ya Mofu hakuikanyaga.

"Padre anajua?" nilimuuliza niliporudi.

"Nilimwambia mwezi ule ule. Aliniondolea dhambi. Akaniambia niende kwa mwenyewe, nikaitikia ndiyo. Nikatoka pale nikarudi nyumbani. Tangu hapo kila nikitaka kupanga foleni ya Komunyo naisikia ile ndiyo yangu."

"Halafu ukaanza kutuuliza sisi."

"Nilitaka angalau mmoja wenu aniulize na mimi," alisema. "Miaka saba. Hakuna aliyeniuliza."

Nilikuwa na hasira bado, na machozi yalinitoka kwa hasira hiyo. Nikamuuliza. "Katekista, umepita kwa mwenyewe?"

"Bado, mwanangu."

"Basi panda, twende."

Tulimkuta mrina asali nje ya nyumba yake, karibu na mto, anashona wavu. Alikuwa ameota mvi mapema. Alimtazama Katekista kwa muda, akamtambua, akainuka nusu kwa heshima kama inavyompasa mdogo.

"Shikamoo, Katekista."

Katekista hakuitikia. Alisimama na kofia mkononi, kifua kinapanda na kushuka, na marahaba haikutoka. Sijawahi kuona salamu inaning'inia hivyo kati ya watu wawili.

"Usiniamkie kwanza," alisema hatimaye. "Ule moto niliwasha mimi. Sikupita kwa jirani, nikawasha. Wewe hukuwa na kosa. Nilijua siku ile ile, na nikanyamaza."

Mrina asali alikaa tena. Akashika sindano yake ya wavu, akashona fundo moja, akashona la pili.

"Nilikuwa juu ya mninga," alisema. "Nilikuwa nimeshafika kwenye mzinga. Kutoka pale mashamba yote yanaonekana. Niliona kofia hiyo."

"Uliniona?"

"Nilikuona ukiwasha. Nilikuona pia ukihangaika kuzima."

"Kwa nini hukusema?" Katekista aliuliza, na hapo sauti yake kubwa ikawa imekwisha kabisa.

Mrina asali aliinua macho kutoka kwenye wavu.

"Nani angeandika?" alisema. "Kalamu ulikuwa nayo wewe."

Katekista alipiga magoti kwenye mchanga. Alipiga magoti kwa shida, mguu mmoja kwanza, akishika kiti cha baiskeli, na soksi zake zikaingia matope. Mimi nikapiga magoti kando yake. Nikasema mimi ndiye yule binti. Mrina asali akasema ananikumbuka, na kwamba nilisema kweli. Nikamwambia ndiyo, lakini niliona wanavyoichukua kweli yangu na kuondoka nayo, nikafurahi kusikilizwa.

"Unasamehe?" Katekista aliuliza.

"Sijui," alisema. "Nimezoea bila wewe kuja. Sasa umekuja, inabidi nianze upya." Akaweka wavu chini. "Inukeni. Mke wangu ameivisha ugali. Kuleni kwanza. Halafu uende ukaandike, na ukasome palepale ulipoandika la kwanza."

Tulinawa, tukala. Mke wake, ambaye hakujua lolote, alimpa mgeni mzee kichwa cha samaki. Katekista alikitazama, akamsogezea mwenye nyumba.

Alisoma darasani Jumapili iliyofuata baada ya ibada, mbele ya mwenyekiti, kwa mwandiko wake mzuri, mistari minane. Baba alitoka kabla hajamaliza. Mama alilia. Wapo waliosema kanisa limeaibishwa, wapo waliosema miaka imepita angekufa nayo tu. Katekista akaweka funguo za kanisa mezani, na kamati ikamwambia azishike hadi Padre afike. Baba hakumsemesha wiki tatu. Katika wiki hizo baba alikuwa nyuma ya nyumba anachonga mizinga, na alipomaliza miwili akaifunga kwenye baiskeli akaenda Mofu peke yake. Alirudi na mmoja. Alisema mwingine umepokelewa.

Padre alifika mwisho wa mwezi. Foleni ya maungamo ilijipanga kama kawaida kando ya ukuta, ila hakuna aliyetembea akiuliza. Katekista alikuwa ndani ya foleni, wa mwisho, nyuma ya watoto. Mvulana aliyekuwa mbele yake akageuka, mtoto wa miaka tisa hivi, akamuuliza kwa sauti ya kusikika, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na yeye mwenyewe: "Katekista, umepita kwa mwenyewe?"

"Nimepita," alisema.

Mtoto akarudi kutazama mbele.

Kwenye Misa ukafika wakati wa Komunyo, na kwaya wakaanza ule wimbo mrefu wa siku zote. Watu walikwenda, kwaya wakateremka safu kwa safu. Katika ubeti wa tatu Katekista aliuweka unyasi wake kwenye benchi, akavuta soksi juu, akashuka kusimama nyuma ya watu. Wimbo ukayumba. Besi waliangalia huku na huku, sauti za kike zikatangulia, zikasita, kanisa zima likasikia jinsi wimbo unavyoanza kuanguka. Alisimama pale kwenye foleni kidole kikipiga mapigo ya wimbo pajani, na nikajua anaumia kutaka kurudi kuushika.

Nikainuka kutoka kwenye benchi langu. Sikuwa mwanakwaya na sauti yangu ni ya kawaida. Nikauanza ubeti wa nne, juu kidogo kuliko inavyotakiwa, besi wakanifuata kwa shida. Hakugeuka. Niliushika mpaka alipopokea na kurudi mahali pake, nami ndipo nikashuka kupokea, wa mwisho.